Jumla kubwa kabisa: kwa nini jibu lako linagoma

Mwanafunzi akiniletea jibu la fumbo linalouliza "jumla kubwa kabisa iwezekanayo", sianzi kwa kukagua alivyojumlisha. Namwomba risiti mbili. Ya kwanza: nitajie namba zenyewe zinazotoa jumla hiyo, tuzipitishe kwenye kila sharti la swali. Ya pili: niambie kwa nini haiwezekani kupata zaidi ya hapo. Akikosa ya kwanza, jumla yake ni ya hewani, haina namba nyuma yake. Akikosa ya pili, amepata jumla nzuri tu. Inaweza kuwa kubwa, ila hilo neno "kabisa" bado hajalilipia.

Dalili zinazofuata ni zile ninazokutana nazo kwenye madaftari ya tuisheni, kuanzia darasa la sita hadi kidato cha nne. Kwa kila moja angalia ni risiti ipi imepotea, maana hapo ndipo pa kushika. Nyingine nitazipitia mbio, kwa sababu mtu akishaziona mara moja hazimrudii.

Jibu lina desimali, au namba zimeruka mpaka

Swali: namba tatu zinazofuatana zina jumla iliyo chini ya 100. Tafuta jumla kubwa kabisa.

Madaftari huonyesha hivi: 100 ÷ 3 = 33.3, halafu mmoja anaandika 33, 34, 35 na jumla 102, mwingine anaacha 33.3 akiamini mwalimu ataelewa. Wa kwanza ameichukua 33 akaifanya namba ya kuanzia, wakati ukigawa jumla kwa tatu unapata namba ya katikati. Wa pili amesahau kwamba swali linataka namba kamili, na kati ya namba kamili hakuna inayoitwa 33.3.

Dawa ni kuiandika namba ya katikati kwanza. Ikiwa ya katikati ni k, za pembeni ni k toa 1 na k jumlisha 1. Toa na jumlisha zinafutana, jumla inabaki 3k. Sasa umejua jambo kubwa kuliko jibu lenyewe: jumla ya namba tatu zinazofuatana daima ni kigawe cha 3. Kigawe kikubwa cha 3 kilicho chini ya 100 ni 99, kinachofuata ni 102, kimevuka. Katikati ni 33, namba ni 32, 33, 34. Risiti zote mbili ziko mkononi kwa mistari miwili.

Badilisha neno moja tu uone mambo yanavyogeuka. Namba tatu za shufwa zinazofuatana, jumla isiyozidi 100. Wengi huruka kwenye 99 tena. Waombe risiti ya kwanza: 31, 33, 35. Witiri zote! Kwa shufwa, namba ya katikati nayo lazima iwe shufwa, kwa hiyo jumla ni kigawe cha 6, na kikubwa kisichozidi 100 ni 96. Namba ni 30, 32, 34.

Halafu namba nne zinazofuatana, jumla chini ya 100. Hapa aliyekariri "tatu ni vigawe vya 3" anasema "nne ni vigawe vya 4", anajibu 96. Jaribu kuzitaja. 22, 23, 24, 25 ni 94. 23, 24, 25, 26 ni 98. Hiyo 96 haipo kabisa. Namba nne hazina ya katikati. Ya kwanza ikiwa n, jumla ni 4n + 6, yaani ukiigawa kwa 4 inabaki 2 kila mara. Kubwa kabisa chini ya 100 ni 98. Kanuni ya tatu haikuhamia kwenye nne, na risiti ya kwanza ndiyo iliyomkamata.

Umekosa kwa moja tu

Hesabu zote sawa, njia sawa, jibu limezidi au limepungua kwa moja. Usirudie hesabu. Rudi kwenye sentensi ya swali, tatizo ni la Kiswahili.

"Chini ya 50" haina 50. "Isiyofika 50" pia haina. "Isiyozidi 50" inayo. "Si zaidi ya 50" inayo. "Hadi 50" inayo. "Angalau 50" na "walau 50" zinaanzia 50 yenyewe. "Zaidi ya 50" inaanzia 51. Mtego mbaya kuliko yote ni "isiyopungua 50". Sikio linasikia "kupungua", mkono unaandika alama ya ndogo-kuliko, mwanafunzi anatafuta namba za chini ya 50 wakati swali linataka 50 kwenda juu. Nimeona hata wanafunzi wa kidato cha nne wakianguka hapo, tena wale wanaosoma haraka. Ninachowafundisha ni kulisoma neno kwa vipande: i-si-yo-pungua, hairuhusiwi kupungua, basi iko palepale au juu.

"Kati ya 10 na 20" sina hukumu yake. Watunga maswali wengine wanazihesabu 10 na 20, wengine hawazihesabu. Ukikutana nayo, andika mstari mmoja juu ya kazi yako: "nimechukua 11 hadi 19". Msahihishaji mwenye haki atakufuata.

Kuna na lile swali dogo ambalo watu hawajiulizi: kinachotakiwa kiwe kikubwa ni nini? Jumla? Namba moja kati ya zile? Idadi ya namba? Fumbo likisema "namba tatu zina jumla isiyozidi 100, ile kubwa kabisa inaweza kuwa ngapi", jibu si jumla. Pigia mstari kitu kimoja kinachoombwa kabla hujagusa kalamu. (Neno "jumla" lenyewe lina fujo zake. Kijana ambaye mama yake ana duka aliwahi kuniuliza, bila utani, kama jumla kubwa inahusiana na bei ya jumla na rejareja.)

Jibu ni kubwa mno na umerudia namba

Neno "tofauti" lina kazi mbili kwenye hesabu zetu, na linawaangusha wengi. "Tofauti ya 15 na 9" ni 6, yaani kutoa. "Namba tano tofauti" maana yake hakuna namba mbili zinazofanana.

Swali: namba tano za kuhesabia zilizo tofauti zina wastani wa 12. Iliyo kubwa kabisa kati yao inaweza kufika ngapi?

Jumla yao ni 60. Ili moja inenepe, nyingine nne zikonde hadi zishindwe. Mwanafunzi anaandika 1, 1, 1, 1, inabaki 56. Hajasoma "tofauti". Nne ndogo kabisa bila kurudia ni 1, 2, 3, 4, jumla 10, inabaki 50. Risiti ya kwanza: 1, 2, 3, 4, 50. Ya pili: namba nne tofauti za kuhesabia haziwezi kuwa na jumla chini ya 10, kwa hiyo ya tano haiwezi kuvuka 50.

Sasa ongeza sharti: ukizipanga, ya katikati ni 10. Hapo hukondeshi zote kwa uhuru. Mbili za chini ni 1 na 2. Ya katikati 10 haiguswi. Ya nne lazima iipite 10, ndogo kabisa ni 11. Jumla ya hizo nne ni 24, inabaki 36. Anayejibu 50 hapa amejibu swali la juu. Anayejibu 37 ameandika 10 mara mbili.

Uliambiwa "kubwa kabisa, shusha desimali", ukashusha, ukakosa

Hii ni kanuni ya kukariri inayozunguka sana: swali la kubwa kabisa, desimali inashushwa, swali la dogo kabisa, inapandishwa. Inafanya kazi mara nyingi kiasi kwamba inapokuangusha huamini.

Ikiwa una shilingi 10,000, daftari moja ni 700, na unataka ubaki na angalau 2,500, basi una 7,500 ya kutumia. 7,500 ÷ 700 ni 10.7, unashusha, madaftari 10. Sawa.

Lakini chukua hili. Una 10,000. Kalamu zinauzwa kwa boksi, kalamu 12 kwa boksi, boksi 1,800. Unahitaji kalamu zisizopungua 40. Chenji kubwa kabisa unayoweza kurudi nayo ni ngapi? 40 ÷ 12 ni 3.33. Aliyekariri anashusha hadi boksi 3, analipa 5,400, anarudi na 4,600 na tabasamu. Mhesabie kalamu: 36. Swali limevunjika. Boksi lazima ziwe 4, malipo 7,200, chenji 2,800. Swali linataka "kubwa kabisa" na bado desimali imepanda, kwa sababu sharti linasukuma boksi juu huku chenji ikipungua kila boksi linapoongezeka.

Kinachoamua kushusha au kupandisha ni sharti. Muulize sharti: ukichukua namba ya chini, bado nimetimiza? Ukichukua ya juu, je? Moja itakataa.

Umeanza na kikubwa na hukufika

Nikae hapa kidogo, kwa sababu kosa hili ni la watu wenye akili, na lina uzuri ndani yake.

Swali: una shilingi 9,700. Daftari kubwa ni 1,500, dogo ni 800. Tumia hela nyingi kadiri inavyowezekana. Jumla kubwa kabisa ya matumizi ni ngapi?

Karibu kila mtu anaanza na daftari kubwa. Mantiki ipo: likila hela nyingi kwa mkupuo, mabaki yatakuwa madogo. Sita ni 9,000, zinabaki 700, dogo halinunuliki. Jibu: 9,000. Risiti ya kwanza ipo kamili, madaftari sita makubwa, hakuna sharti lililovunjwa. Tatizo liko kwenye ya pili. Nimuulize, kwa nini si 9,100? Anajibu, "kwa sababu zimebaki 700". Hizo 700 zinaeleza kwa nini huwezi kuongeza kitu juu ya madaftari sita makubwa. Hazisemi lolote kuhusu mtu aliyenunua matano.

Kata sifuri mbili ili mkono upumzike: 15 na 8, kikomo 97. Sasa shuka ngazi kwa ngazi, kila mara punguza kubwa moja, ujaze madogo kadiri yanavyoenea:

Makubwa 6, madogo 0: jumla 90.
Makubwa 5, madogo 2: jumla 91.
Makubwa 4, madogo 4: jumla 92.
Makubwa 3, madogo 6: jumla 93.
Makubwa 2, madogo 8: jumla 94.
Makubwa 1, madogo 10: jumla 95.
Makubwa 0, madogo 12: jumla 96.

Ukianza na kikubwa unapata jibu baya kuliko yote saba. Lililo bora ni la asiyenunua daftari kubwa hata moja: madogo 12, shilingi 9,600. Na ukiitazama orodha unaona sababu: kila unapoacha kubwa moja ukachukua madogo mawili, unatoa 15 unaweka 16, jumla inapanda kwa 1. Jedwali lenyewe ndilo risiti ya pili, kwa kuwa makubwa hayawezi kuwa saba (105 imevuka 97), na kila idadi kuanzia 0 hadi 6 imejazwa hadi mwisho.

Usigeuze hilo kuwa kanuni ya "anza na kidogo". Weka 10,000 badala ya 9,700. Madogo pekee ni 12, jumla 9,600. Makubwa 6 na dogo 1 ni 9,800. Makubwa 5 na madogo 3 ni 9,900. Makubwa 4 na madogo 5 ni 10,000 kamili. Hapo simama, huna haja ya kumalizia jedwali, kwa sababu umegusa kikomo chenyewe na hakuna anayeweza kutumia zaidi ya alichonacho mfukoni. Safari hii bora lilikuwa katikati.

Sikuichagua 9,700 kwa bahati. Zidisha 15 kwa 8, toa 15, toa 8: unapata 97. Kwa namba mbili ambazo KKS (kigawo kikubwa cha shirika) yake ni 1, hesabu hiyo ya a × b − a − b inakupa namba kubwa kabisa isiyoweza kuundwa kwa kujumlisha hizo mbili tu. Kanuni hiyo huhusishwa na James Joseph Sylvester, mwanahisabati Mwingereza wa karne ya 19. Kwa madaftari yetu maana yake ni hii: 9,700 ndiyo hela ya mwisho, kwa hesabu ya mamia, inayokuachia chenji hata ufanyeje. Kuanzia 9,800 kwenda juu, mia yoyote utakayopewa inatumika yote bila kubaki. Jaribu 9,800 hadi 10,500 moja moja, ziko nane. Zikikubali zote, zinazofuata zinakubali kwa kuongeza daftari dogo moja tu kila mara. Kama unatunga maswali ya darasani, 97 hiyo ni dhahabu, na unaweza kutengeneza yako kwa jozi nyingine. Kwa 5 na 8 ni 27.

Usiipeleke kwenye 6 na 8, ambazo KKS yake ni 2. Hizo hazitoi witiri milele.

Umejibu 12, mwenzako 37

Namba mbili za kuhesabia zina zao la 36. Jumla kubwa kabisa? Wengi wanajibu 12, yaani 6 na 6, kwa sababu kichwani kuna wimbo unaosema "zikilingana ndiyo kubwa kabisa". Wimbo huo ni wa swali jingine: jumla ikiwa imefungwa, zao hukua namba zikikaribiana. Jumla ikiwa 20, zao kubwa ni 10 × 10. Ukifunga zao na kuachia jumla, mambo yanapinduka, namba zikiachana jumla inakua. 6 na 6 ni 12, 4 na 9 ni 13, 3 na 12 ni 15, 2 na 18 ni 20, 1 na 36 ni 37. Hiyo 12 ndiyo ndogo kabisa. Ukipata shaka uko upande gani, orodhesha vigawo, haichukui dakika.

Jamaa yake wa karibu ni swali la tarakimu. Tumia 1, 2, 3, 4, 5, 6 kila moja mara moja, unda namba mbili za tarakimu tatu, jumla iwe kubwa kabisa. Kuna wanaoandika 654 na 321, jumla 975, kwa kuinenepesha namba moja. Thamani iko kwenye nafasi: 6 na 5 zote zikae mamia, 4 na 3 makumi, 2 na 1 mamoja. 642 + 531 ni 1,173. Ukipata 631 + 542 usifute, nayo ni 1,173. Nani anakaa na nani haijalishi.

Umesahau upande wa kushoto wa sifuri

Namba zinazofuatana zina jumla ya 45. Zinaweza kuwa nyingi kiasi gani? Kwa namba za kuhesabia ni tisa, 1 hadi 9. Lakini swali likiandika "namba kamili", hasi zimeruhusiwa, na jibu linaruka hadi 90: kuanzia −44 hadi 45. Kila hasi inafutwa na chanya yake, sifuri haina uzito, inabaki 45 peke yake. Darasani hili huwa linaleta kelele, wengine wanasema ni ujanja. Ndiyo, ni ujanja, na neno "kamili" ndilo lililouruhusu.

Grafu yako ni safi na jibu bado si sahihi

Hii ni ya kidato cha nne, mada ya kuchora mistari ya masharti kwenye grafu na kupima faida kwenye kona.

Fundi seremala anatengeneza viti na meza. Kiti kinakula vipande 4 vya mbao, meza vipande 9. Ana vipande 41. Kwa wiki hawezi kumaliza zaidi ya vitu 6. Kiti kinampa faida ya 5,000, meza 11,000. Faida kubwa kabisa kwa wiki?

Mwanafunzi anachora vizuri. Mistari inakatana kwenye viti 2.6 na meza 3.4, faida 50,400. Anajua viti 2.6 havipo, basi anasogeza kwenye namba ya karibu: viti 3, meza 3. Anahakiki: vitu 6, mbao 12 + 27 ni 39, sawa. Faida 48,000. Anafunga daftari.

Risiti ya kwanza anayo. Ya pili ameiazima kwa grafu, na grafu haikuwa na mali hiyo. Kona inasema tu kwamba hakuna atakayevuka 50,400. Haijasema kwamba namba kamili iliyo bora inakaa jirani na kona. Viti 1 na meza 4: vitu 5, mbao 4 + 36 ni 40. Faida 49,000. Imempita kwa elfu moja, na inamwachia fundi nafasi ya kitu kimoja ambacho hana mbao zake, jambo linalomfanya mwanafunzi aione kama jibu lisilokamilika.

Kosa hili lina heshima yake. Njia ya kutembea kona hadi kona, aliyoitoa mwanahisabati Mmarekani George Dantzig mwaka 1947, inakupa kona na desimali zake. Ilibidi watu wakae tena kushughulikia namba kamili. Mwaka 1960 watafiti Ailsa Land na Alison Doig, wakiwa London, walichapisha njia ya kugawa: jibu likisema meza 3.4, basi kwa fundi halisi ama meza ni 3 au pungufu, ama ni 4 au zaidi. Hakuna njia ya tatu. Kila tawi lishughulikie peke yake. Kwa mafumbo ya shuleni huhitaji kompyuta, matawi mawili yanatosha.

Binti mmoja wa kidato cha nne alikuwa ameandika 48,000. Kwenye daftari lake niliandika kwa wino mwekundu "risiti ya pili?" nikamrudishia. Kesho yake alileta mistari hii kwa penseli, pembeni mwa grafu:

Meza 5 zinataka vipande 45, havipo.
Meza 4, vinabaki vipande 5, kiti 1. 49,000.
Meza 3 au chini: vitu 6 × 5,000 = 30,000, kila meza inaongeza 6,000 juu ya kiti, 3 × 6,000 = 18,000. Haivuki 48,000.

Grafu hakuifuta. Niliweka alama ya vema hapo kwenye penseli.